Mama wa Maabara Anajibu: hewa ya Nakuru, gunia la yurea na asidi ya Siaya

Kidato cha Tatu wamefika kwenye mada ya moli, na barua zenu zinaonyesha hivyo. Kwa wasomaji wapya: mimi si mwalimu. Nilikuwa fundi wa maabara katika shule za sekondari pande za Vihiga na Kisumu hadi nilipostaafu. Mwalimu alieleza ubaoni, mimi nilipima, nikayeyusha, nikaosha vyombo. Kwa hiyo mkiniuliza jambo la moli, msishangae nikianza na mizani.

*Salamu Mama. Niko Kidato cha Tatu, Kakamega. Tumeambiwa moli moja ina chembe 6.02 × 10²³. Nani alizihesabu? Na mbona hawakuchagua milioni au bilioni, namba ambayo mtu anaweza kuikumbuka?*

Hakuna aliyezihesabu moja moja, mwanangu. Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi hapo Kakamega uombe misumari. Muuzaji hahesabu, anapima kwa kilo. Lakini akijua msumari mmoja wa inchi nne una uzito gani, na wa inchi mbili una uzito gani, anaweza kukupimia mafungu mawili yenye idadi sawa bila kugusa msumari hata mmoja kwa kidole. Kilo zitatofautiana, idadi itakuwa ileile.

Wanakemia walifanya hivyo kwa atomi. Walijua atomi ya kaboni ni nzito mara 12 hivi kuliko ya hidrojeni, na ya chuma mara 56 hivi, hata kabla ya kujua uzito wa atomi yenyewe. Basi ukipima gramu 1 ya hidrojeni, gramu 12 za kaboni na gramu 56 za chuma, mafungu hayo matatu yana idadi moja ya atomi. Idadi gani? Iwayo yote. Ilipopimwa baadaye ikatokea kuwa 6.02 × 10²³. Haikuchaguliwa na mtu. Imetokana na sisi kutumia gramu. Na hiyo milioni unayoitaka haitufai: atomi milioni moja za kaboni zina gramu 0.00000000000000002. Mizani ya shule yenu haitatikisika.

Amedeo Avogadro, Mwitaliano ambaye namba hiyo imepewa jina lake, hakuijua kamwe. Alichosema mwaka 1811 ni kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika joto na kanieneo (mgandamizo) sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Alifariki 1856. Makadirio ya kwanza yalitokana na kazi ya Mwaustria Josef Loschmidt mwaka 1865, na ni Mfaransa Jean Perrin aliyependekeza mwaka 1909 namba iitwe kwa jina la Avogadro. Tangu tarehe 20 Mei 2019 imewekwa rasmi kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili, bila kutegemea tena zile gramu 12 za kaboni. Kwenye mtihani tumia ile uliyopewa kwenye swali.

*Mama, sisi ni wanafunzi wa Nakuru. Kitabu kimoja kinasema moli moja ya gesi ni lita 22.4, kingine kinasema lita 24. Tulitia utepe wa magneziamu wa gramu 0.06 kwenye asidi hidrokloriki tukakusanya hidrojeni. Kwa hesabu ya kitabu tungepata sentimita za ujazo 60. Tulipata 75. Mwalimu alituambia tumesoma vibaya. Tulirudia, ikawa vilevile.*

Barua hii imenifurahisha kuliko zote, kwa sababu ninyi mmesoma sawa.

Tuanze na hesabu yenu. Gramu 0.06 za magneziamu, ukigawa kwa 24, ni moli 0.0025. Mlinganyo ni Mg + 2HCl → MgCl₂ + H₂, yaani moli moja ya magneziamu hutoa moli moja ya hidrojeni. Moli 0.0025 mara lita 24 ni lita 0.06, ndizo 60 zenu. Hapo hamna kosa.

Sasa tazameni hizo 22.4 na 24 zinatoka wapi. Ile 22.4 ni ya nyuzi 0 za Selsiasi. Ile 24 ni ya joto la kawaida la chumbani, nyuzi 20 hivi. Zote mbili ni za kanieneo ya milimita 760 za zebaki, yaani kanieneo ya usawa wa bahari. Mombasa wanayo hiyo. Ninyi mko juu, mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa iliyo juu yenu ni pungufu. Kanieneo ya Nakuru ni milimita 613 hivi, labda 615 siku nyingine. Gesi isiyobanwa sana hutanuka, na mmejifunza sheria ya Boyle kabla ya kufika kwenye moli. Ilikuwa mada iliyotangulia. Chukueni 24, zidisheni kwa 760, gawanyeni kwa 613. Inakuja karibu lita 30. Moli 0.0025 mara lita 30 ni sentimita za ujazo 75.

Kwa kweli mngetarajia hata zaidi kidogo, kwa sababu hidrojeni iliyokusanywa juu ya maji huchanganyika na mvuke wa maji, na mvuke huo nao huchukua nafasi. Nadhani kuna gesi kidogo iliyowatoroka kabla ya kufunga kizibo. Hilo ni la kawaida, kila darasa hupoteza kidogo hapo.

Huku kwetu Kisumu, mita 1,131, kanieneo ni milimita 665 hivi, na mchana kuna joto. Moli ya gesi huchukua karibu lita 28. Nimeona daftari nyingi zilizofutwa na kuandikwa upya ili jibu lifike 24, na sijawahi kuelewa kwa nini tunawafundisha watoto wa nyanda za juu kuona haya kwa sababu ya hewa yao wenyewe. Kwenye mtihani wa kuandika, tumieni 22.4 au 24 kama swali linavyosema, kwa kuwa swali limeweka masharti yake. Maabarani andikeni 75, na chini yake andikeni kanieneo ya siku hiyo. Mwonyesheni mwalimu hesabu hii kwa heshima. Nina hakika atafurahi.

*Dada, mimi ni mzazi, Eldoret. Mtoto amechora pembetatu kila ukurasa wa daftari: gramu juu, moli na masi ya moli moja chini. Anafunika kwa kidole ndipo anajua kama azidishe au agawanye. Ni sawa?*

Itamfikisha hadi swali la pili, kisha itamwacha. Mwambie aandike maneno: gramu 10 za nini, moli ngapi za nini. Akiandika hivyo kidole kitapata kazi nyingine.

*Habari Mama. Kidato cha Nne, Kisumu. Tuliyeyusha gramu 5.3 za sodiamu kaboneti isiyo na maji, tukajaza hadi sentimita za ujazo 500. Tukachukua 25 kwa pipeti, tukatia methili orenji ituonyeshe mwisho kwa kubadili rangi, na asidi hidrokloriki kutoka bureti. Wastani ulikuwa 24.8. Nilipata ukolezi wa asidi 0.1008 M, yaani moli 0.1008 kwa lita. Rafiki yangu amepata 0.2016 M na ndiye aliyepewa alama. Tulitumia namba zilezile!*

Rafiki yako ameangalia mlinganyo, wewe umeuruka. Fuatana nami.

Moli moja ya Na₂CO₃ ni gramu 106. Gramu 5.3 ni moli 0.05. Ziko kwenye nusu lita, kwa hiyo ukolezi ni 0.1 M. Pipeti ya 25 imebeba moli 0.0025 za kaboneti. Mpaka hapo mko pamoja. Wewe ukachukua 0.0025 ukagawa kwa 0.0248, ukapata 0.1008. Umesema, bila kujua umesema, kwamba chembe moja ya kaboneti inatosheka na chembe moja ya asidi. Haitosheki. Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂. Ile 2 iliyo mbele ya HCl si pambo. Kaboneti moja inameza asidi mbili. Basi asidi iliyotumika ni moli 0.005, na 0.005 kwa 0.0248 ni 0.2016.

Watu wengi wakiniletea jibu ambalo ni nusu au maradufu ya jibu sahihi, sitazami hesabu yao. Natazama mlinganyo kama umesawazishwa, na kama namba ile imetumika baada ya kusawazishwa. Mara nyingi umesawazishwa vizuri kabisa, kisha ukasahauliwa hapo juu ya ukurasa kama kichwa cha habari. Mizani inajua gramu. Bureti inajua sentimita za ujazo. Mlinganyo haujui chochote kati ya hivyo viwili. Unajua idadi tu. Kwa hiyo ubadilishe kila kitu kuwa moli kwanza, uvuke mlinganyo ukiwa na moli, ndipo urudi kwenye gramu au lita upande wa pili. Ukijaribu kuvuka na gramu mkononi, utaanguka.

Kwa kuwa uko Kidato cha Nne na mtihani wa vitendo unakuja, nikuongezee mambo ya mezani. Jedwali ujaze lote, hata kama umechoka. Desimali ziwe sawa kote: ukianza na 24.80, usiandike 24.8 mstari unaofuata. Wastani ni wa zile zinazokaribiana, tofauti isizidi 0.2, ile ya kwanza uliyopitisha kwa haraka usiiingize kwa huruma. Pipeti usiipulize tone la mwisho. Imetengenezwa kwa kulihesabia tone hilo kubaki. Na faneli uitoe juu ya bureti kabla ya kusoma, kwani hudondosha wakati huangalii.

*Mwalimu, mimi ni mkulima wa mahindi Kimilili. Agroveti ana gunia la mbolea ya CAN lenye namba 26 na gunia la yurea lenye namba 46, yote ya kilo 50. Binti yangu anasema 46 inapatikana kwa moli. Nataka kujua gunia moja la yurea ni sawa na magunia mangapi ya CAN. Na DAP ya 18-46-0, hiyo 46 ni fosforasi?*

Ndugu yangu, mwalimu ni binti yako. Mpe karatasi akuonyeshe: yurea ni CO(NH₂)₂. Kaboni 12, oksijeni 16, naitrojeni mbili 28, hidrojeni nne 4. Jumla 60. Naitrojeni ni 28 katika 60, sawa na asilimia 46.7. Gunia linaandikwa 46 kwa sababu bidhaa ya kiwandani haiwi safi kabisa. Kilo 50 zina kilo 23 za naitrojeni.

CAN ni amonia naitreti iliyochanganywa na chokaa. Amonia naitreti peke yake, NH₄NO₃, ina 28 katika 80, asilimia 35. Wakiichanganya na chokaa inashuka hadi 26 uliyoiona, kwa hiyo karibu robo tatu ya gunia ni amonia naitreti na inayobaki ni chokaa hasa. Kilo 50 zina kilo 13 za naitrojeni. Gawa 23 kwa 13: gunia moja la yurea lina naitrojeni ya CAN gunia moja na robo tatu, zaidi kidogo. Ukiwa dukani, gawa bei ya gunia kwa kilo za naitrojeni, 23 au 13, ulinganishe.

Ila bei si yote. Yurea ukiimwaga juu ya udongo ukaiacha juani, inageuka amonia na kupaa. Naitrojeni uliyoilipia inaenda kwa jirani au isijulikane ilikokwenda. Ifukie kidogo, au subiri mvua inayokaribia. CAN haina tabia hiyo sana. Nikiwa na shamba ambalo siwezi kulisimamia mwenyewe ningenunua CAN, na najua mashemeji zangu hawakubaliani nami.

DAP sasa. Hapa binti yako atashangaa, kwa hiyo mwache afanye hesabu mwenyewe kabla ya kumsomea jibu. Namba ya kati kwenye gunia la mbolea si fosforasi. Ni P₂O₅, hesabu ya zamani ya biashara ambayo imebaki. Fosforasi mbili ni 62, P₂O₅ nzima ni 142. Zidisha 46 kwa 62, gawa kwa 142, unapata 20. Gunia lako la kilo 50 lina kilo 10 hivi za fosforasi, wala si 23. Naitrojeni nayo, ile asilimia 18, ni kilo 9. Kwa hiyo ni kweli naitrojeni ni kidogo kuliko fosforasi, lakini kwa tofauti ya kilo moja hivi tu, sio ile ya 18 na 46.

Hujaniuliza kuhusu chokaa lakini Kimilili nina hakika utaambiwa udongo una asidi. Mawe ya chokaa ya kusaga, kama yanayochimbwa Koru, ni CaCO₃, moli moja ni gramu 100. Yakichomwa hutoa hewa ya kaboni dioksidi na kubaki CaO, gramu 56. Kazi ya kuua asidi ni ileile kwa moli ileile. Maana yake kilo 56 za chokaa iliyochomwa hufanya kazi ya kilo 100 za ile ya kusaga, kama zote ni safi. Usinunue iliyochomwa kwa sababu hiyo tu: inaunguza macho na mikono, na ikipata maji inachemka. Na usiweke chokaa yoyote siku moja na DAP au yurea, itafukuza amonia.

*Dada mpendwa, nimeajiriwa karibuni kuwa fundi wa maabara shule moja Siaya. Niliambiwa nitengeneze lita 2 za HCl ya 1 M. Chupa inasema asilimia 36, densiti 1.18. Nikahesabu gramu 36 katika sentimita za ujazo 100, nikapata kwamba asidi ya chupani ni 9.86 M, nikachukua sentimita za ujazo 203. Wanafunzi walipoipunguza na kufanya titresheni (kuipima kwa bureti), palipotakiwa 25.0 walipata 21 na ushei. Nimekosea wapi?*

Karibu kazini, mdogo wangu. Asilimia ya chupa ni ya uzito kwa uzito: gramu 36 katika gramu 100 za asidi, si katika sentimita za ujazo 100. Densiti imeandikwa pale kwa ajili hiyo. Lita moja ya asidi hiyo ina gramu 1,180. Asilimia 36 yake ni gramu 424.8 za HCl. Gawa kwa 36.5, unapata moli 11.64. Unahitaji moli 2 kwa lita zako mbili. Gawa 2 kwa 11.64, ni lita 0.172, yaani sentimita za ujazo 172. Wewe ulitia 203, kwa hiyo ulitengeneza 1.18 M. Unaiona hiyo 1.18? Ni densiti uliyoiacha, imejitokeza yenyewe kwenye jibu. Na 25.0 ukigawa kwa 1.18 ni 21.2, ndizo 21 na ushei za wanafunzi wako. Wamefanya titresheni nzuri sana, waambie.

Lakini hata hizo 172 usiziamini. Chupa iliyofunguliwa mara nyingi imepoteza HCl. Ule moshi mweupe unaouona ukifungua ndiyo asidi inayoondoka. Tengeneza kwa makadirio, kisha uijue kwa kuipima. Tia maji lita moja kwanza kwenye chombo, ndipo umimine asidi polepole ukikoroga, madirisha wazi, miwani usoni. Maji yasiingie kwenye asidi hata siku moja. Ikipoa, jaza hadi lita 2. Chukua 100 ya hiyo ujaze hadi 500, ili iwe karibu 0.2 M. Pima gramu 5.3 za sodiamu kaboneti uliyoikausha kwa moto, tengeneza 500, ileile ya msomaji wa Kisumu hapo juu. Pipeti ya 25 ya kaboneti inapaswa kumaliza 25.0 za asidi yako. Ikimaliza 25.5, asidi ni 0.196, na ile ya chupa kubwa ni 0.98.

Utaulizwa pia kuhusu sodiamu hidroksidi. Usipoteze muda kupima gramu 40 kamili za vidonge vile. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu, vinalowa ukivitazama, na vinanyonya kaboni dioksidi ya hewani vikaanza kugeuka kaboneti. Pima 41 au 42, yeyusha, kisha uipime kwa asidi ambayo umekwisha kuijua.

Kwenye lebo andika ukolezi uliopatikana, si ule ulioagizwa. Kama ni 0.98, andika 0.98 na tarehe. Mwalimu atakuja kulalamika kwamba namba hiyo inafanya hesabu ya wanafunzi kuwa ngumu, kwamba angependa 1.00. Mwambie vikokotoo wanavyo.